Kuruka kwa vipimo mahali pasipo na waongozaji wa ndege

Kazi huanzia chini, mbele ya ramani. Kanuni za kimataifa zinataka ndege inayoruka kwa vipimo, yaani kwa kutegemea ala za ndani ya ndege badala ya macho, katika eneo la milima iwe angalau futi 2,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote ndani ya kilomita 8, na futi 1,000 penginepo. Ila kipimakimo, ambacho hukadiria kimo kwa kanieneo ya hewa, hakijui baridi, wala hakitambui chenyewe kwamba kanieneo ya hewa imeshuka. Tuseme kilele njiani kina futi 9,400, nawe unaelekea magharibi, ambako hutumika maelfu shufwa, hivyo unachagua futi 12,000. Ikiwa kanieneo halisi ni hektopaskali 998 ilhali kipimakimo umekiweka 1013, futi 400 hivi zimekwisha kupotea. Na hewa ikiwa baridi kwa nyuzi 20 chini ya kiwango sanifu, ambapo kila nyuzi 10 hula takribani asilimia 4 ya kimo, zinapotea nyingine zaidi ya 900. Zile futi 2,600 ulizodhani unazo zimebaki 1,200 na ushei, na umo mawinguni. Panda 14,000.

Hewani, marubani hupashana habari wenyewe kwa redio, kwa masafa yaliyoandikwa kwenye chati. Katika sehemu kubwa ya Afrika ni megahezi 126.9. Anza kusikiliza na kutangaza dakika 10 kabla ya kuingia eneo hilo, rudia kila baada ya dakika 20, na usibadili kimo kabla ya kutangaza. Tamka polepole: “Vituo vyote,” kisha jina la ndege, usawa (kimo unachosafiria), uelekeo, mahali ulipo, na saa utakayofika nukta inayofuata ya njia yako. Saa za wenzako ziandike kwenye karatasi, kwa kuwa unachotafuta ni ndege mbili zenye nukta moja, usawa mmoja na dakika moja.

Transponda (kifaa cha redio kinachojibu mawimbi ya rada na ya ndege nyingine) na taa ziwake muda wote, kwani mtambo wa kuzuia migongano hauoni ndege isiyo na transponda. Ajabu ni kwamba usahihi wa kuongozwa na setilaiti umeongeza hatari: zamani ndege mbili zilipishana kwa sababu hakuna iliyokuwa katikati ya njia hasa. Panaporuhusiwa, sogea kulia maili 1 au 2 za baharini.

Mwisho, kwa kuwa hakuna kituo kitakachogundua kwamba hukufika, mwachie mtu aliye chini njia yako, kiasi cha mafuta, na saa kamili ya kuwaita waokoaji asipokusikia.