Namna ya kuomba njia katika kebo ya mtoa huduma mwingine, Unguja na Pemba

Anayetaka kuuza intaneti Mji Mkongwe hukabiliana kwanza na kuta za mawe ya matumbawe, kwani mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na haifai kila kampuni kubandika waya wake vichochoroni. Iliyo nyepesi ni kupitisha huduma yako katika kebo iliyokwisha kulazwa.

Anza na leseni. Mawasiliano ni jambo la Muungano, kwa hiyo hata mfanyabiashara wa Wete huomba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo hutenga leseni za miundombinu, huduma za mtandao, huduma za matumizi na maudhui. Kisha mwandikie mwenye kebo barua inayotaja mitaa unayoikusudia na kasi unayoihitaji, na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Akikubali, usikimbilie bei. Uliza kwanza mahali utakapokabidhiwa data ya wateja wako. Ikiwa makabidhiano ni Dar es Salaam na mitambo yako iko Chake Chake, data ya jirani yako itavuka bahari kwenda na kurudi kabla ya kukufikia, na gharama ya safari hiyo ni yako.

Uliza pia ni nyumba ngapi zinazogawana tawi moja la kebo, kwa sababu waya wa kebo hauna njia ya pekee kwa kila mteja. Tawi la megabiti 1,000 kwa sekunde likitumiwa na nyumba 50 kwa pamoja, kila moja hupata takriban 20, hata kama risiti imeandikwa 100. Wewe na mwenye kebo pimeni pamoja saa tatu usiku, watu wakisharudi kutoka msikitini na kufungua simu zao. Kipimo cha asubuhi hakina maana.

Modemu ya mteja wako lazima isajiliwe katika mfumo wa mwenye kebo, naye ndiye mshindani wako. Mkataba umkataze kuwapa wauzaji wake majina ya wateja wako, na useme fundi wa nani atatoka waya ukikatika na kwa muda gani.

Nashauri usinakili mikataba ya Kimarekani. Huko, mwaka 2002, mamlaka ya mawasiliano, FCC, iliiweka intaneti ya kebo katika kundi la huduma za taarifa badala ya huduma za mawasiliano, na tarehe 27 Juni 2005 Mahakama ya Juu ikauunga mkono uamuzi huo katika kesi ya Brand X, kampuni ya intaneti isiyo na kebo yake, hivyo wenye kebo hawakulazimika kuwafungulia washindani. Mikataba iliyofuata ilitegemea hiari ya mwenye waya, ilhali hapa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakupa mahali pa kusimamia.

Mazungumzo yakikwama, chukua ile nakala yenye muhuri pamoja na vipimo vyenu vya usiku, uvipeleke ofisi ya TCRA Zanzibar.