Jinsi ya kupata leveli ya kweli ya oili ya injini ukishamaliza sevisi

Mtu akitoka kufanya sevisi huwa namuuliza kitu kimoja tu, oili imefika wapi kwenye stiki (kile chuma chembamba cha kupimia oili)? Na wengi jibu lao ni lilelile, "fundi kaweka galoni zima". Sasa galoni sio kipimo jamani. Galoni la lita 4 ni ujazo wa dukani, halijui injini yako inakula kiasi gani. Hii injini ya 1NZ iliyojaa mitaani kwetu, ya IST, Probox, Premio na Allion za cc 1500, inakula lita 3.7 ukibadilisha na filta, na lita 3.4 ukiacha filta ileile. Kwahiyo ukimimina galoni zima ushazidisha mililita 300, na hapo bado hujahesabu oili ya zamani ambayo haikutoka yote.

IST ya dada yangu ilifanyiwa sevisi gereji moja hapa Mwanza, na Mwanza mnaijua ilivyo, milima na mawe kila upande, gari ikapimwa oili palepale nje kwenye mteremko pua imeangalia juu, stiki ikaonyesha F (alama ya juu, yaani imejaa, ya chini ni L), akalipa akaondoka. Asubuhi yake nikapima kwangu kwenye sakafu iliyolala sawa, oili imepita F karibu upana wa kidole kidogo. Nikainama chini kuangalia filta, ni ileile ya zamani, tarehe niliyoiandika kwa maka peni miezi mitano nyuma bado ipo. Yaani filta hawakubadilisha alafu wakamimina lita 4 zote kwenye injini iliyohitaji 3.4, na mteremko ukaficha yote hayo. Iliniuma, kwasababu yeye alilipia filta na alikuwa anasafiri nayo kwenda Shinyanga wiki hiyohiyo.

Wengine wanasema oili ikizidi haina shida, bora izidi kuliko ipungue. Sio kweli. Chini ya injini kuna krenki, ile shafti kubwa inayozungushwa na pistoni, inazunguka mara elfu na zaidi kwa dakika, na oili inatakiwa ikae kwenye sampu, lile bakuli la oili chini yake. Ikizidi sana krenki inaanza kuipiga kama mtu anayepiga mayai, inatoa povu, na pampu ikivuta povu inavuta hewa, hapo presha inashuka na beringi zinasagana bila oili ya kutosha. Nyingine inasukumwa na mvuke wa injini mpaka kwenye njia ya hewa, inaungua na petroli, silensa inatoa moshi wa bluu. Ikipungua nako ni hivyohivyo kwa njia nyingine, ukikata kona kali au ukipanda mlima oili inahamia upande mmoja wa sampu, pampu inabaki inanyonya hewa. Na ile taa nyekundu ya kibirika kwenye dashibodi usiitegemee kwa hili, ile inapima presha, haipimi kiasi. Mpaka iwake huku unaendesha ujue ndani kumeshaharibika kitu au kunakaribia.

Haya tuanze tangu kumwaga, maana leveli inaanzia hapo. Injini iwe na uvuguvugu, sio ya moto wa kuunguza, na gari ikae mahali tambarare. Ukiwa umepiga jeki upande mmoja oili haitoki yote, inabaki kwenye kona ya sampu. Fungua kifuniko cha juu, fungua bolti ya chini (kwenye 1NZ ni spana ya 14), acha itiririke mpaka ibaki matone ya mojamoja, mi huwa naacha kama dakika kumi huku nafanya kingine. Weka washa mpya (kile kipete cha kuzuia kuvuja) kwenye bolti, ni hela ndogo sana. Filta ya zamani ukiitoa hakikisha mpira wake umetoka nayo, maana kuna wakati unabaki umegandia kwenye injini, ukifunga mpya juu yake unakuwa na mipira miwili na oili yote itamwagikia njiani. Mpira wa filta mpya upake oili kidogo, zungusha kwa mkono mpaka uguse, alafu ongeza robo tatu ya mzunguko. Usikaze na spana.

Sasa kumimina. Usimimine zote. Anza na lita 3 na robo hivi, galoni nyingi zina mstari pembeni unaoonyesha kilichobaki, weka galoni mahali pa sawa usome. Funga kifuniko, washa injini, usikanyage mafuta, iache isage yenyewe. Taa ya oili itachelewa sekunde chache kuzima, ni kawaida, filta inajaa. Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanapima kabla ya kuwasha. Filta ikiwa tupu oili yake yote bado ipo kwenye sampu, kwahiyo stiki itasoma juu kuliko ukweli. Zile mililita 300 za tofauti kati ya lita 3.4 na 3.7 zinaishia huko kwenye filta. Unaona F, unaridhika, unafunga boneti, ukiwasha tu filta inakunywa sehemu yake na wewe hujui.

Iache isage mpaka ipate joto lake la kawaida, huku unachungulia chini kama bolti au filta inavuja. Zima. Alafu subiri, na kusubiri kwenyewe ndio kazi yenyewe. Injini ikizimwa oili nyingi bado ipo juu, kwenye kamshafti (shafti inayofungua valvu) na kwenye kuta, inashuka taratibu. Toyota wao wanasema zaidi ya dakika 5, mi nasubiri 10 na oili ikiwa nzito nasubiri zaidi. Ukipima sekunde 30 baada ya kuzima stiki itasoma chini, utaongeza, na kesho asubuhi utakuta imezidi, hii nimeiona mara nyingi kuliko kosa lingine lolote.

Gari ipo tambarare? Usiamini macho tu, kwenye uwanja wenye mteremko mdogo macho yanazoea. Weka chupa ya maji iliyolala kwenye sakafu uone inabingirika upande gani. Kama kwako ni kilimani kama sehemu nyingi za huku, tafuta sheli yenye uwanja uliolala vizuri, omba kwa adabu ukae pembeni dakika kumi, hawakatai.

Vuta stiki, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, rudisha mpaka mwisho kabisa mpaka shingo yake ikae, vuta tena, sasa hiyo ya pili ndio unayosoma. Ya kwanza haina maana kwasababu bomba la stiki lina oili iliyopanda na kujipaka kwenye kuta zake wakati injini inafanya kazi. Usiishike stiki ncha ikiangalia juu, oili inateremka kuelekea mkononi na inasoma uongo, ishike imelala. Soma pande zote mbili. Zikipishana chukua ule wa chini, ule wa juu mara nyingi ni oili iliyokwanguliwa kwenye kuta za bomba wakati unavuta. Na usome pale oili inapokata sawasawa stiki nzima, sio pale palipochirizika pembeni.

Oili mpya ina tabu yake, ni ya dhahabu na inapitisha mwanga, kwenye chuma kinachong'aa huioni kabisa. Laza stiki kwenye tishu nyeupe, tishu itanyonya na utaona alama ya mwisho wa oili. Au igeuze taratibu kwenye mwanga wa jua, sehemu yenye oili inameta tofauti na sehemu kavu. Usipime usiku kwa tochi ya simu alafu ukasema umeona, rudia asubuhi.

Kati ya L na F kwenye gari ndogo nyingi ni kama lita moja mpaka moja na nusu. Kwahiyo ukikuta ipo katikati, unahitaji kama nusu lita au zaidi kidogo kufika F, ongeza kidogokidogo, kama mililita 200, subiri tena dakika chache, pima tena. Mi napenda iishie chini kidogo ya F, sio juu yake. Ukitumia chupa ya maji ya nusu lita kupimia hakikisha imekauka kabisa ndani.

Imezidi? Kufungua bolti ya chini unaweza ila utachafuka na utamwaga nyingi kuliko ulivyotaka. Njia nzuri ni kununua famasi bomba la sindano kubwa la mililita 60 na mrija, unapitisha mrija kwenye tundu la stiki mpaka uguse sampu, unavuta injini ikiwa na uvuguvugu. Mabomba matano ni mililita 300. Kwa dada yangu nilivuta kumi na mbili, mkono uliuma, ila nilijua nimetoa kiasi gani na stiki ikarudi palepale nilipotaka.

Kwa wenye gari nyingine, soma kitabu cha gari yako kwanza maana sio zote zinafanana. Honda nyingi wanasema subiri kama dakika 3. Subaru injini yake imelala, oili inachukua muda kurudi na stiki yake inasumbua kusoma, hiyo pima asubuhi kabla hujawasha na uchukue upande wa chini. BMW nyingi za miaka ya karibuni hazina stiki kabisa, unapima kwenye skrini. Na tafadhali usichanganye stiki ya injini na ya gia boksi. Toyota nyingi za zamani za otomatiki zina stiki ya pili ya oili ya gia, ile inapimwa injini ikiwa inawaka, kinyume kabisa na hii. Nimekutana na mtu aliyemimina oili ya injini kwenye gia boksi kwa kuchanganya hivi na gharama yake ilimtoa machozi. Wenye bodaboda, pikipiki nyingi za mtindo wa CG stiki imeshikana na kifuniko, unaisimamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, unaegesha stiki bila kuifunga nyuzi alafu unasoma, ukiifunga itaingia ndani zaidi na itakudanganya kwamba oili ipo nyingi.

Ukishatembea kilomita 50 mpaka 100 pima tena asubuhi injini ikiwa baridi, palepale ulipopimia mwanzo. Ikiwa imeshuka angalia filta na bolti, kuna unyevu? Baada ya hapo pima kila wiki, au kila ukienda safari ndefu. Inayoshuka kila wiki bila kuvuja inaungua ndani, hiyo unaanza kuiwekea hesabu, kilomita ngapi kwa lita. Lakini inayopanda ndio ya kuogopa zaidi, oili haizaliani, ikipanda ujue kuna petroli au maji yameingia, nusa stiki, na ukiona rangi kama chai ya maziwa usiiwashe tena hiyo gari mpaka fundi aangalie gasketi ya hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike.

Na filta yako iandike tarehe na kilomita kwa maka peni kabla hujaifunga.