Anayeita Msaada Haadhibiwi: Namna ya Kushughulikia Pombe na Dawa za Kulevya Hosteli za Vyuo

Pombe inapomzidi mwanafunzi hosteli, mara nyingi wenzake wapo. Wanamlaza, wanamfunika shuka na kufunga mlango, wakihofu kwamba matroni akijua, wote wataishia kwenye kamati ya nidhamu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ni kuiondoa hofu hiyo, tena kwa maandishi. Sheria ndogo za chuo ziseme wazi: anayeita msaada na anayeitiwa msaada hawataadhibiwa kwa kunywa au kutumia usiku ule, aliyezidiwa atakutana na mnasihi ndani ya siku tatu. Kuuza dawa na kupiga watu havimo katika msamaha huo. Tangazo libandikwe nyuma ya kila mlango likiwa na namba mbili: ya matroni au patroni wa zamu, na ya dereva ambaye chuo kimeshakubaliana naye kwamba atalipwa asubuhi. Saa nane usiku si wakati wa kuchangishana nauli.

Usiku wenyewe

Mwite jina kwa sauti, kisha msugue kwa nguvu katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Asipoamka, huyo hajalala, amepoteza fahamu, na hilo peke yake linatosha kumpeleka hospitali. Gari likiwa njiani, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Zikiwa chini ya nane, au kukiwa na kimya cha sekunde 10 na zaidi kati ya pumzi moja na nyingine, yuko karibu kuacha kupumua. Tazama pia fizi na kucha, maana kwa ngozi nyeusi ubluu au ukijivu huonekana hapo kabla ya usoni. Akiacha kupumua, bonyeza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkibadilishana mkichoka.

Anayepumua alazwe ubavu: mkono wa chini umenyooka mbele, kiganja cha mkono wa juu chini ya shavu, goti la juu limekunjwa ili asibiringike, kichwa kimerudishwa nyuma kidogo na mdomo umeelekea chini. Akilala chali, matapishi huziba njia ya hewa, na mtu aliyelewa sana hawezi kukohoa akayatoa. Asiachwe peke yake hata kidogo. Pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu baada ya glasi ya mwisho, hivyo anayeonekana nafuu saa sita anaweza kuwa mahututi saa saba.

Kahawa, maziwa, ndimu na ndoo ya maji baridi havisaidii. Ini huondoa gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa, wala haliharakishwi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina gramu 55, karibu sawa na bia tatu, na ini hukifanyia kazi saa sita hadi nane. Wanafunzi wengi hawajawahi kupigiwa hesabu hii. Viroba, yaani pombe kali ya mifuko midogo ya plastiki, vilipigwa marufuku Tanzania Machi 2017, lakini kichupa kinaingia mfukoni vilevile. Usimtapishe kwa kidole, na usimpe chochote cha kumeza.

Hospitali nenda na chupa, karatasi za vidonge, kadi yake ya bima na maelezo ya alichotumia na saa ngapi. Mwambie daktari ukweli kuhusu tramadol (ya maumivu), diazepam (ya kutuliza) au unga (heroini), kwa sababu vikichanganywa na pombe vyote hudidimiza upumuaji, na nalokisoni, dawa ya kuondoa athari hiyo, hufanya kazi kwa unga na jamii yake tu. Akiwa ameanguka au kupigwa, huduma ya kuokoa maisha ianze, fomu ya polisi ya PF3 ifuate.

Gongo ina hatari yake ya pekee. Ikiwa imechanganywa na methanoli, mtu anaweza kuamka akiwa mzima, kisha baada ya saa 12 hadi 24 akaanza kuona ukungu, kuumwa tumbo na kupumua kwa kasi. Hapo waliokunywa kutoka dumu lilelile wapelekwe wote, hata wasiosikia lolote.

Siku tatu baadaye

Mnasihi anahitaji dakika 15 na mlango uliofungwa. Aombe ruhusa kwanza, kisha aulize maswali matatu ya AUDIT-C, kipimo kifupi cha unywaji: unakunywa mara ngapi, siku ya kunywa unakunywa kiasi gani, na ni mara ngapi unafikisha vinywaji sita au zaidi kwa mkao mmoja. Kila jibu lina alama 0 hadi 4. Mwanaume akifika 4, au mwanamke 3, mazungumzo yaendelee: pombe inakupa nini, inakunyang'anya nini, ungependa kubadilisha lipi? Mwanafunzi mwenyewe ataje supu (mitihani ya marudio) alizopata au ada aliyoila. Mahubiri humfunga mdomo. Mkubaliane hatua moja, mwonane tena baada ya wiki mbili.

Anayekunywa kila siku asiamriwe kuacha ghafla. Mikono hutetemeka ndani ya saa chache, degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na siku ya tatu kuchanganyikiwa kunakoweza kuua. Aachishwe chini ya daktari. Nyumba ya upataji nafuu (sober house) isiyo na mhudumu wa afya si mahali pa kuanzia. Diazepam nayo ni hivyohivyo. Kwa mtumiaji wa unga, arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, inatibika: kliniki za methadoni, dawa inayochukua nafasi ya unga, zipo Muhimbili tangu 2011, na Dar es Salaam pia Mwananyamala na Temeke. Kwa kawaida dozi hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo chuo kimpangie ratiba ya vipindi inayomruhusu kwenda asubuhi. Ushauri kwa simu unapatikana bure kwa namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Ukikuta bangi au kete za unga chumbani, usizitie kwenye droo yako wala chooni. Ita mashahidi wawili, andika saa na mahali, kisha zikabidhiwe polisi. Mtu akikutwa na dawa ya kulevya, hata matroni, anaweza kujikuta mtuhumiwa.

Kabla ya yote hayo

Weka nguvu kwenye wiki zinazojulikana: wiki mbili za kwanza za mwaka wa kwanza, wiki boom (fedha za mkopo za kujikimu) likitoka, na siku UE (mitihani ya mwisho wa muhula) zinapoisha. Semina moja yenye picha za mateja haifai. Mwanafunzi anayekunywa Ijumaa hajioni kabisa katika picha hiyo. Bora serikali ya wanafunzi ifanye dodoso lisilo na majina na kubandika matokeo ya chuo chenyewe, kwa sababu wengi hudhani wenzao wanakunywa zaidi kuliko hali ilivyo, nao hujitahidi kufikia kiwango ambacho hakipo. Kwenye sherehe ya kuwapokea wapya, chakula kitolewe mwanzoni, maji yawe bure, kampuni ya pombe isidhamini, na mabasi ya kurudi hosteli yaondoke kila nusu saa kuanzia saa nne usiku.