Kutoa themostati ya zamani ya hita na kufunga ya kidijitali

Kama hita yako bado inaendeshwa na ile themostati (kifaa cha ukutani kinachoiwasha na kuizima kulingana na joto la chumba) ya kuzungusha kwa mkono, kuitoa na kufunga ya kidijitali ya kuseti ratiba ni kazi ya kama saa moja hivi. Utata uko kwenye waya tu, huko kwingine ni skrubu mbili na betri.

Kwanza kabisa kazime breka ya hita, usizime themostati tu, namaanisha breka yenyewe, ile swichi yake kwenye kisanduku cha umeme cha nyumba. Afu vuta kifuniko uchungulie. Ukikuta waya nene zile kama za soketi, na themostati imeandikwa volti 120 au 240, simama hapo hapo, hiyo inapitisha umeme mkubwa na inataka themostati ya aina yake, ukiifungia hii ya kawaida ya volti 24 unatafuta moto. Hapo mi ningemwita fundi umeme. Ukikuta vijiwaya vyembamba vya rangi rangi, twende.

Ndani kukiwa na kichupa cha kioo chenye kitu cheupe kinachong'aa na kutembea, hiyo ni zebaki, usikipasue wala usikitupe na takataka za kawaida, kipeleke panapopokelewa taka za sumu.

Sasa kabla hujagusa skrubu hata moja piga picha, karibu kabisa mpaka herufi zilizo pembeni ya kila waya zisomeke. R ni umeme unaoingia, W ni joto, G feni, Y ubaridi kama una AC, C ndo njia ya umeme kurudi. Rangi usiziamini jamani, aliyefunga mwanzo pengine aliishiwa nyeupe akaweka ya bluu, we fuata herufi. Kila waya ukiitoa ibandike kikaratasi cha herufi yake, afu izungushie kwenye kalamu isije ikazama ndani ya ukuta, maana kuivua humo utajuta.

Mi mara ya kwanza nilijifanya mjuaji, breka sikuzima, R ikagusana na C sekunde tu, hata cheche sikuona, nikafunga kila kitu vizuri, kuwasha hita kimya. Nikairudisha themostati dukani nikijua mbovu, kumbe ni kifyuzi kwenye bodi ya hita, kile cha rangi kama cha gari, ndo kilikuwa kimeungua.

Kitako cha themostati mpya kikishakaa ukutani, ziba lile tundu la ukutani kwa kipande cha sponji, upepo unaotoka humo unaidanganya themostati kuwa chumba kina baridi. C usipoiona angalia nyuma, mara nyingi kuna waya imekunjwa haina kazi, ila hiyo lazima uiunge na kule kwenye hita pia. Themostati za betri haziihitaji, za wayafai nyingi zinaitaka.

Washa breka, panda nyuzi tatu juu ya joto la chumba, utasikia tik, subiri dakika chache. Kwenye ratiba, Idara ya Nishati ya Marekani inasema ukishusha nyuzi 4 hadi 5 hivi za selsiasi kwa saa 8 kwa siku unaweza kuokoa mpaka asilimia 10 ya gharama za joto na ubaridi kwa mwaka, so weka usiku na ule muda nyumba haina mtu. Na wa nyumbani waambie mapema, mtu akisikia baridi akabonyeza mshale mara kumi na tano chumba hakipati joto haraka zaidi, hita ni ile ile.