Jinsi ya kutoboa shimo kwenye skrini ya laptopu

Shimo hili ni la kiinimacho tu. Chora korido: fremu kumi za mraba, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Mimi natumia p5.js, zana ya kuchora kwa kuandika msimbo wa kompyuta, ni ya bure. Kisha kamera ya laptopu ifuatilie uso wako.

Hapa ndipo nilipokesha. Ukisogeza kichwa kulia, fremu nazo ziende kulia, ya mbali ikisogea zaidi. Ile iliyo ukingoni mwa skrini isibanduke. Picha ghafi ya kamera huweka kulia kwako upande wa kushoto, kwa hiyo geuza namba zinazoonyesha uso uko wapi, kushoto kuwe kulia. Mimi nilisahau, badala ya shimo nikapata mkonga wa tembo unaonichungulia!

Zima taa, fumba jicho moja. Ukitumia yote mawili, ubongo hugundua kioo ni bapa. Mdogo wangu alinyoosha mkono auingize ndani, kidole kikagonga kioo.