Mikono ya sweta ifume kwa mpigo

Kama una sweta ya mtoto iliyolala kwenye mfuko wa rambo tangu masika kwa sababu umebaki mkono mmoja tu, tuko wengi. Yangu niliianza mtoto akiwa tumboni. Sasa yuko darasa la pili. Siku hizi nafuma mikono yote miwili pamoja: naanzisha vishono vya wa kwanza, kisha vya wa pili kwenye sindano ileile, kila mkono na bonge lake la uzi. Kazi inakwenda polepole, lakini ikiisha imeisha, na urefu unalingana. Ila usiiweke chini kabla ya kumaliza mstari kwenye mikono yote miwili, la sivyo kesho hutajua umeishia wapi. Nyuzi zikijisokota, geuza kazi mwisho wa mstari mara kulia, mara kushoto.