Tangi jipya la furu: maji kwanza, samaki baadaye

Furu ni samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Naandika mara moja tu, ili mtu akiniuliza tena "mbona samaki wangu wamekufa siku ya tatu" nimbandikie hii.

Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoila wakaigeuza nitriti, sumu vilevile. Wengine wanaila nitriti wakaigeuza nitrati, ambayo samaki huivumilia nawe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Hao bakteria hawaji kwa siku moja. Kwa joto letu la Mwanza, bila hita, hesabu wiki nne hadi sita.

1. Osha tangi kwa maji matupu. Sabuni marufuku.
2. Weka mchanga, mawe, filta ya sponji na pampu ya hewa.
3. Jaza maji ya bomba yaliyolala kwenye ndoo wazi siku nzima, klorini ipungue.
4. Nunua dagaa wakavu wasio na chumvi pale soko la Mwaloni. Watano au sita kwa lita 80, wafunge kwenye soksi ya zamani, tumbukiza waoze, watoe amonia ya kulisha bakteria. Watanuka. Mwenye nyumba mwambie mapema.
5. Pima amonia NA nitriti kila baada ya siku mbili.

Hiyo "na" imenigharimu. Tangi langu la kwanza, wiki ya tatu, amonia ikasoma sifuri. Nikashangilia, nikaingiza furu tisa. Chupa ya kupimia nitriti ilikuwa bado na nailoni yake, sijaifungua. Asubuhi nawakuta wote wamejipanga juu ya maji, midomo wazi. Nikamtoa mmoja aliyekufa, nikafunua matamvua: rangi ya kahawa, si nyekundu. Nitriti ikiingia kwenye damu, damu inashindwa kubeba hewa. Walipona wawili. Kwa hiyo amonia ikifika sifuri uko katikati ya safari, nitriti ndiyo kwanza inapanda.

6. Weka dagaa wapya. Amonia na nitriti zote mbili zikisoma sifuri siku tatu mfululizo na nitrati ipo, toa soksi, badilisha nusu ya maji, anza na samaki wawili watatu.

MASWALI

— Mkuu, Jumamosi ni sikukuu ya mwanangu. Nikiweka wawili tu?
— Soma hatua ya 5.
— Nimesoma.
— Basi mnunulie baiskeli.

— Maji yamekuwa meupe kama ya mchele, nimwage?
— Usimwage. Ni bakteria wanazaliana, yatatulia yenyewe.

— Kaka samahani, sponji ikichafuka naosha bombani?
— Umeuliza jambo la maana, dada. Hapana, klorini inaweza kuwaua bakteria ukaanza upya. Ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Na ukimpata mwenye tangi la zamani lisilo na ugonjwa, omba kipande cha sponji yake, utaokoa wiki kadhaa. Mimi niko Nyegezi, njoo na kopo.

— Umeme ukikatika usiku kucha?
— Chota maji ya tangi kwa kikombe, yamwage humo humo kutoka juu hewa iingie, mara kwa mara. Au pampu ya betri.

— Nitriti ikipanda samaki wakiwa tayari ndani?
— Badilisha nusu ya maji, kisha chumvi ya mawe kidogo, kijiko cha chai kwa lita 20. Chumvi huizuia nitriti isipite kwenye matamvua. Ningelijua hilo mapema.

— Kwani maji ya ziwani si hayana klorini? Tuchote tu.
— Hayana. Ila ukiingia peku kwenye magugu kuchota, kichocho kinakusubiri wewe, si furu.